Wanakunywa Chai Tu? Jinsi ya Kuielewa K-On!

Mpe K-On!, katuni ya Kijapani kuhusu bendi ya wasichana wa sekondari, mtu aliyekulia kwenye mapigano ya Naruto na Dragon Ball, na baada ya sehemu ya tatu au ya nne atakuuliza: hawa mabinti watapiga muziki lini? Bendi ipo, vyombo vipo, chumba cha mazoezi kipo, lakini kinachojaa kwenye kioo ni birika, vikombe vya kaure na vipande vya keki. Adui hayupo. Mashindano hakuna. Hata mapenzi, ambayo tamthilia za sekondari huyakimbilia, hayapo. Basi wapo wanaoiacha njiani wakisema ni katuni ya watoto, na wapo wanaoimaliza wakifuta machozi halafu wakashindwa kueleza walikuwa wanalilia nini.

Wote hao wamekwama mahali pamoja. K-On! inamchukulia anayeitazama kuwa Mjapani aliyepita sekondari ya kwao. Kanuni za klabu za shule, mwezi gani kuna shughuli gani, nani mkubwa kwa nani: mengi ya hayo hupita bila maelezo, kwa sababu mtoto wa Osaka hana haja ya kuelezwa.

Tuanze na maneno yenyewe. Anime ni filamu na tamthilia za katuni zinazotengenezwa Japani; manga ni hadithi za picha za kusoma, na anime nyingi zimezaliwa humo. K-On! ilianza kama manga ya mchoraji anayejiita Kakifly, ikichapishwa tangu 2007 kwenye jarida la Manga Time Kirara. Ni manga ya yonkoma, yaani ya visanduku vinne vinavyosomwa kutoka juu kwenda chini: cha kwanza kinafungua jambo, cha pili kinaliendeleza, cha tatu kinaligeuza, cha nne kinalimaliza kwa kichekesho. Aliyezoea vibonzo vya gazetini anaujua mwendo huo. Kampuni ya Kyoto Animation ilipoitengeneza anime yake mwaka 2009, ikiongozwa na Naoko Yamada aliyekuwa anashika usukani wa mfululizo kwa mara ya kwanza, haikuutupa mwendo huo. Ndiyo maana ndani ya sehemu moja ya dakika 24 hivi hutakuta kilele kimoja kikubwa. Utakuta vituko vidogo vidogo vilivyotungwa kama shanga.

Wajapani huziita kazi za namna hii nichijō-kei, aina ya mambo ya kila siku. Wengine husema kūki-kei, na kūki ni hewa: mtu anatazama kwa ajili ya hewa iliyomo chumbani. Kwa mtu wa pwani hilo si geni. Mzee anayerudi kutoka barazani usiku, ukimuuliza kumetokea nini, atakwambia hakuna kitu. Kahawa, kashata, utani, basi. Na kesho saa ileile yuko palepale.

Muziki mwepesi si muziki laini

K-On ni matamshi ya keion, kifupi cha keiongaku. Kei ni nyepesi, ongaku ni muziki. Yui Hirasawa, mhusika mkuu, ndiye wa kwanza kuponzwa na jina hilo. Anajiandikisha kwenye klabu ya muziki mwepesi akidhani ni muziki rahisi, wa kugonga kastaneti na kwenda nyumbani. Akisikia kwamba wenzake wanamsubiri mpiga gitaa, anakwenda kujitoa. Wanampigia wimbo mmoja ili kumshawishi, naye anawaambia waziwazi kwamba hawapigi vizuri sana. Halafu anabaki.

Kwenye shule za Japani, keion ni bendi ya gitaa za umeme, besi, dramu na kinanda, ya kupiga roki na popu. Inatofautishwa na suisōgaku, bendi kubwa ya vyombo vya kupuliza: tarumbeta, klarineti, filimbi na wenzao. Ukishangaa roki kuitwa nyepesi, kumbuka Morogoro Jazz na Western Jazz. Waliokwenda kucheza dansi la bendi hizo hawakuwa wanatafuta jazi ya New Orleans. "Jazi" kwenye jina ilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa, na hakuna aliyelalamika kwamba amedanganywa.

Namba nne

Klabu za shule huitwa bukatsu. Ni zaidi ya kikundi cha kukutana Ijumaa mchana. Wanachama hukutana baada ya masomo karibu kila siku, wana chumba chao, wana mwalimu mlezi, na wanajaza fomu kwa serikali ya wanafunzi. Katika shule ya akina Yui, sekondari ya wasichana ya Sakuragaoka, klabu isiyofikisha watu wanne inafutwa. Hadithi inapoanza, wanachama wote wa zamani wameshahitimu. Ritsu Tainaka, mpiga dramu, anamburuta rafiki yake Mio Akiyama aliyekuwa anakwenda zake klabu ya fasihi. Tsumugi Kotobuki alikuja akitafuta kwaya, akanasa hapo. Wanakuwa watatu, na siku zinahesabika.

Kwa hiyo Yui hakubembelezwa kwa kipaji. Gitaa alikuwa hajawahi kulishika. Alibembelezwa kwa sababu alikuwa wa nne. Keki na chai, ambazo Tsumugi anazitoa kwao (ni familia yenye uwezo mkubwa), zilianza kama chambo cha kumshika mtu mmoja asiondoke. Tunza namba hiyo nne, tutaihitaji mbele.

Karatasi nazo zina nafasi yake kwenye hadithi. Miezi kadhaa baadaye wanagundua kwamba klabu haimo hata kwenye orodha ya shule: Ritsu alisahau kupeleka fomu, na mlezi hawana. Wanamfuata Sawako Yamanaka, mwalimu wa muziki mpole na mrembo, ambaye tayari ni mlezi wa bendi ya kupuliza na anakataa. Kisha picha za zamani zinafichua kwamba enzi zake alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya metali, yaani roki nzito ya kelele, ya klabu hiyohiyo, kwa jina Death Devil. Anakubali haraka.

Vyombo vinavyosema tabia ya mwenyewe

Hapa ndipo K-On! inapowapendeza wanamuziki, na ndipo mtazamaji wa kawaida anapopitwa na mengi.

Yui anapiga gitaa la solo na kuimba. Gitaa lake ni Gibson Les Paul Standard, amelipa jina la Giita, na alilichagua kwa sababu moja tu: lilimvutia kwa sura. Bei dukani ni yen 250,000. Wasichana wanafanya kibarua cha kuhesabu magari barabarani, hela haifiki hata karibu, mwishowe inajulikana kuwa duka ni la akina Tsumugi na bei inashuka hadi 50,000. Watu husema huo ni ujanja wa mwandishi kujitoa kwenye kona, na wana haki. Lakini angalia alichonunua. Les Paul ni bao nene la mahogani lililofunikwa maple juu, uzito wake huzunguka kilo 4, na shingo yake si ya vidole vifupi. Urefu wa uzi unaotetema, kutoka nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi mwisho wa shingo) hadi daraja (kipande kinachozishika nyuzi kwenye bao), ni milimita 628 hivi. Azusa Nakano, mpiga rithim anayejiunga baadaye, amekulia kwenye muziki na ana mwili mdogo. Yeye ana Fender Mustang ya milimita 610. Tofauti ya milimita 18 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye shingo ya gitaa, ina maana kwamba pingili, vile vyuma vinavyokata shingo, zimekaribiana na nyuzi zimelegea kidogo, hivyo kidole kidogo kinafika na kubonyeza bila kuteseka. Azusa alinunua kwa kujua. Yui alinunua kwa kupenda. Hakuna mhusika anayekaa chini kukueleza hilo.

Mio anapiga besi kwa mkono wa kushoto, Fender Jazz Bass iliyotengenezwa kwa ajili ya wenye kushoto. Watu huuliza kwa nini asigeuze tu besi ya kawaida. Mifereji ya nati inachongwa kwa unene wa kila uzi: ukigeuza mpangilio, uzi mwembamba unachezacheza kwenye mfereji mpana na ule mnene haukai chini. Daraja nalo limesetiwa uzi mnene uwe mrefu kidogo kuliko mwembamba; ukigeuza, noti za juu kwenye shingo zinatoka nje ya sauti. Vitufe na tundu la waya vinahamia upande wa juu, chini ya kiwiko. Wapo mabingwa waliopiga vyombo vilivyogeuzwa, ila kazi ya fundi inahitajika kwanza. Vyombo vya kushoto hutengenezwa vichache, na dukani huwa pembeni kabisa kama vipo. Ndiyo sababu Mio akiviona anapagawa kama mtoto mbele ya duka la pipi.

Dramu za Ritsu zina ugonjwa mmoja unaotajwa mara kwa mara: zinakimbia. Mpiga dramu akisisimka, mapigo yanaongezeka kidogo kidogo bila yeye kujua, na wimbo ulioanza kwa mwendo wa kutembea unamalizika mbio. Breki ya dramu ni besi. Mtu wa dansi anajua kwamba besi na dramu zikipishana, hata waimbaji wawe wazuri vipi, watu wanarudi kwenye viti. Sasa angalia mwaka wa pili, kabla ya tamasha, Ritsu anapomwonea Mio wivu kwa sababu ana rafiki mwingine darasani. Mazoezi yanavunjika. Wengi huona ni ugomvi wa kitoto, lakini waliogombana ni besi na dramu.

Yui naye ana makosa ya mwanafunzi halisi. Anafeli mtihani, anasoma usiku na mchana kwa ajili ya marudio, anapata alama zote, na gitaa lote alilojifunza limemtoka kichwani. Anaposhindwa kuimba na kupiga kwa wakati mmoja, Sawako anamnoa kwa wiki moja ya mazoezi makali. Siku ya onyesho hana sauti. Koo ni misuli na utando. Ukizikwaruza kila siku bila kupumzika, zinavimba, na haziponi kwa sababu tamasha ni kesho.

Kosa linalopendeza kuliko yote ni la kutu. Yui analivalisha gitaa nguo na kulala nalo kitandani, ila nyuzi hajawahi kubadilisha. Zinaota kutu mpaka wenzake wanampeleka kwa fundi. Nyuzi za gitaa la umeme ni chuma na nikeli, na jasho la vidole lina chumvi. Kutu ikiingia, uzi unapoteza mng'ao wa sauti, unagoma kukaa kwenye tyuni, kisha unakatika, mara nyingi jukwaani. Anayepiga kila siku hubadilisha kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Aliyeko Tanga au Mombasa, kwenye upepo wa bahari, asingoje mitatu. Kitambaa kikavu cha kupangusa kila umalizapo kupiga kinaokoa pesa nyingi.

Na hapohapo mtoto huyu asiyetunza nyuzi anatyuni gitaa kwa sikio, bila kifaa. Ana uwezo wa kuisikia noti na kuitambua peke yake, bila kulinganisha na nyingine. Azusa anaduwaa. Uwezo huo haumfanyi mpigaji bora, lakini unaeleza jinsi anavyoruka hatua ambazo wengine wanazipanda moja moja.

Tusijidanganye, kuna mahali lawama ya watazamaji ni ya haki. Bendi ya kweli yenye chai nyingi kiasi hicho ingepiga vibaya. Tunaonyeshwa kambi za mazoezi za likizo, ambamo nako bahari inashinda magitaa, na jioni za mazoezi hapa na pale, lakini mazoezi yanayotosheleza muziki tunaousikia hayapo kwenye kioo. Nyimbo zenyewe zimeimbwa na waigizaji wa sauti, na vyombo vikarekodiwa na watu wa studio. Zilitolewa kwa jina la wahusika, na mwaka 2010 wimbo wa kufungulia msimu wa pili ulishika nafasi ya kwanza kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki Japani, ukiwa wa kwanza kufika hapo kwa jina la wahusika wa anime.

Hadithi iko kwenye kalenda

Sekondari ya juu ya Japani ni miaka mitatu. Mwaka wa masomo unaanza Aprili, miti ya sakura ikichanua, na kuisha Machi. Kila mwaka, kwa kawaida wakati wa vuli, kuna bunkasai, tamasha la shule, ambalo kwa klabu kama hii ndilo jukwaa kuu. Piga hesabu: maisha yote ya mwanachama wa klabu yana matamasha matatu.

La kwanza, Yui hana sauti, Mio mwenye haya analazimika kuimba, anafanikiwa, kisha anajikwaa na kuanguka mbele ya ukumbi mzima. La pili, Yui anaugua, anapona dakika za mwisho, anafika shule na kugundua gitaa amelisahau nyumbani. Anatimua mbio kulifuata huku wenzake wameshaanza. La tatu halina hitilafu. Linakwenda vizuri kabisa, na baada yake wanarudi chumbani, wanakaa sakafuni wamejiegemeza ukutani, wanaanza kupanga: Krismasi tutafanya hivi, mwakani kwenye tamasha tutafanya vile. Kisha inawajia kwamba tamasha la mwakani hawatakuwepo.

Aliyesubiri adui muda wote, adui ni huyo.

Tazama pia jinsi muda ulivyogawanywa. Mwaka wa kwanza wa shule umemalizwa kwa sehemu 7 tu. Wa pili umekwisha ndani ya msimu huohuo wa kwanza. Mwaka wa tatu peke yake umepewa msimu wa pili mzima, sehemu 24 hadi mahafali. Kadiri siku zinavyobaki chache ndivyo hadithi inavyozichelewesha: mvua moja, joto la darasani, mchana mmoja wa kusafisha chumba. Naoko Yamada hushusha kamera mpaka miguuni. Mhusika anapoona haya au huzuni, utaona vidole vya viatu vikigeukiana kabla hujaona uso.

Hapo ndipo Azusa anapokuwa ufunguo. Yuko kidato kimoja nyuma ya wenzake. Kwa Wajapani yeye ni kōhai na wale ni senpai, na tofauti ya mwaka mmoja tu inatosha kubadilisha namna ya kusalimiana, kuitana na kuzungumza. Alijiunga baada ya kuwasikia wakipiga kwenye hafla ya wanafunzi wapya, akaja na hamu ya mazoezi, akakuta chai. Akakasirika. Maneno yake ya siku zile ni yaleyale ya mtazamaji wa sehemu ya nne: tutapiga lini? Amewekwa pale akulalamikie, kisha akubadilishe akiwa anabadilika yeye. Siku ya mahafali ndiye anayeshindwa kujizuia na kuwaomba wasihitimu. Wanne wale wanampigia wimbo waliomtungia, yeye akiwa msikilizaji pekee.

Na ile namba nne? Klabu isiyofikisha wanne inafutwa. Wanaondoka wanne, anabaki mmoja.

Akina jirani, na mpangilio wa kutazama

Kwa anayetaka ushindani kweli, Kyoto Animation hiyohiyo ilitoa Hibike! Euphonium mwaka 2015, kuhusu bendi ya kupuliza ya shule moja mjini Uji. Huko chai ni chache. Nayo ina fumbo lake: sehemu ya kwanza inafunguka kwa shule kupewa dhahabu na msichana mmoja kulia kwa uchungu. Mashindano ya bendi za shule Japani hayatoi dhahabu moja. Kila bendi hupangwa kwenye daraja la dhahabu, fedha au shaba, kadhaa zinaweza kupata dhahabu, na chache tu kati ya hizo huteuliwa kwenda ngazi inayofuata. Dhahabu isiyokupeleka mbele inaitwa dame-kin, dhahabu bure. Kwa sekondari ya juu, kundi kubwa la mashindano lina kikomo cha watu 55 na dakika 12 jukwaani, kwa hiyo kwenye klabu kubwa wapo wanaobaki nje, na hadithi inashikilia hapo: nani anabaki, na je mkubwa ana haki ya nafasi kwa sababu ya ukubwa wake? Ukizitazama zote mbili, utaona kwa nini akina Yui waliruhusiwa kunywa chai. Keion yao haikuwa na jaji.

Mpangilio wa K-On! huwachanganya wengi. Msimu wa kwanza una sehemu 13 zilizorushwa mwaka 2009, na moja ya ziada iliyotolewa kwenye diski. Wa pili, wa 2010, una 26 na moja ya diski. Mahafali yamo kwenye sehemu ya 24 ya msimu wa pili. Ya 25 na 26 zinarudi nyuma, kabla ya kuhitimu, kwa hiyo usishtuke ukiwaona tena darasani. Filamu ya Desemba 2011, ambamo wanasafiri kwenda London, nayo haitokei baada ya mahafali. Inaingia kwenye wiki za mwisho za shule na kuonyesha jinsi ule wimbo wa zawadi kwa Azusa ulivyopatikana. Itazame mwisho hata hivyo. Ukianza nayo hutaelewa kwa nini wanamficha Azusa.

Jengo la shule lilichorwa kwa kufuata jengo la kweli: iliyokuwa shule ya msingi ya Toyosato, mkoa wa Shiga, lililojengwa mwaka 1937 kwa ramani ya ofisi ya William Merrell Vories. Mashabiki huenda kulitembelea. Kwenye mkono wa ngazi kuna sanamu ndogo za shaba za sungura na kobe, zinazosimulia mbio zao ghorofa kwa ghorofa, na kwenye anime kobe huyo huonekana kila wasichana wanapopanda kwenda chumba cha muziki, mara nyingi wakiwa wamechelewa.